Charles Swynnerton: Mtu, Mbung'o na Kichaka

Katika Baiolojia utaulizwa jinsi viumbe wanavyohusiana wakiishi mahali pamoja: nani anamla nani, nani anamnyonya nani, nani hawezi kuishi bila mwenzake. Watahiniwa wengi hukimbilia mfano wa simba na swala, wakaishia hapo. Maisha ya Charles Swynnerton yatakupa mfano mpana zaidi, na kama unasoma Handeni au Korogwe, mfano huo uko nyuma ya shule yako.

Charles Francis Massy Swynnerton alizaliwa mwaka 1877 Lowestoft, mji wa pwani ya Uingereza. Baba yake alikuwa kasisi nchini India, na sehemu ya utoto wake ilipita huko. Akiwa kijana wa miaka kama 20 alihamia Rhodesia ya Kusini, yaani Zimbabwe ya leo, akalima kando ya msitu wa Chirinda karibu na mpaka wa Msumbiji. Mambo mengi aliyoyajua kuhusu viumbe aliyapata katika shamba hilo na msitu huo.

Majaribio yake ya kwanza hayakuhitaji maabara. Alifuga ndege, akawapa vipepeo wa aina mbalimbali mmoja baada ya mwingine, na kuandika yupi ameliwa na yupi amekataliwa. Aligundua jambo ambalo mtu yeyote aliyewahi kulala njaa analielewa: ndege aliyeshiba huchagua sana, bali mwenye njaa hula hata kipepeo mwenye ladha mbaya. Kwa hiyo usiandike tu kwamba kipepeo fulani haliwi na ndege. Inategemea ndege ana njaa kiasi gani. Swynnerton pia aliweka mayai ya kigeni katika viota, akaona kwamba ndege wengi huyatambua na kuyatupa yasiyofanana na yao. Hapo utaelewa kwa nini ndege wanaotaga katika viota vya wengine wana mayai yanayofanana na ya mwenye kiota.

Mwaka 1906 ndege mmoja mdogo wa Chirinda, mwenye kifua cha rangi ya chungwa na utepe mweupe shingoni, alipewa jina la Swynnerton. Ndege huyo anapatikana pia katika misitu ya Usambara Mashariki.

Kazi iliyompa sifa ilianza mwaka 1918, alipokwenda kuchunguza mbung'o katika eneo la Mossurise, Msumbiji. Sehemu hii isome kwa makini. Aliwauliza wazee wa huko habari za zamani, wakamweleza kwamba mfalme Mzila wa dola ya Gaza aliwakusanya watu wakae karibu karibu. Mashamba yalikatwa, wanyama wa porini wakawindwa na kufukuzwa, na ng'ombe wakastawi katika nchi iliyokuwa na mbung'o. Mwaka 1889 mrithi wake, Gungunyana, alihama na watu wengi kwenda kusini. Kichaka kikarudi, wanyama wakarudi, na mbung'o wakarudi pamoja nao. Swynnerton alichapisha uchunguzi huo mwaka 1921. Wengi humsifu kwa ugunduzi huo, lakini kwa haki sifa ya kwanza ni ya wazee, kwa sababu yeye aliandika walichokuwa wakikijua.

Ili uelewe kwa nini kichaka kina nguvu kiasi hicho, kumbuka maisha ya mbung'o. Jike hatagi mamia ya mayai kama nzi wa nyumbani. Hubeba lava mmoja tumboni, humlisha humo humo, kisha humzaa takribani kila baada ya siku 9 au 10. Lava huangushwa penye udongo mwepesi wenye kivuli, akajichimbia na kuwa pupa. Kivuli kikiondolewa, ardhi hupata joto kali na kukauka; pupa hufa, na mbung'o mzima hukosa pa kujificha wakati wa jua. Kumbuka pia kwamba mbung'o dume na jike wote hunywa damu. Mbu dume hanywi, na swali hilo huwatega wengi.

Sasa angalia mnyororo wote. Vimelea vya tripanosoma huishi katika damu ya nyati, pongo na ngiri bila kuwadhuru sana, kwa kuwa wamezoeana kwa muda mrefu. Mbung'o huvibeba. Vikiingia kwa ng'ombe, ng'ombe huugua nagana, hukonda na mara nyingi hufa. Baadhi ya aina zake humpata binadamu, na huo ndio ugonjwa wa malale. Kichaka, mnyama pori, mbung'o, kimelea, ng'ombe na mtu: ukigusa kimoja, vingine vyote hutikisika.

Handeni ilipitia hali kama ya Mossurise. Wazigua walifuga na kulima, na mashamba yao yalikizuia kichaka. Miaka ya 1890 ilileta sotoka iliyoua ng'ombe kwa wingi, kisha njaa. Ukaja utawala wa Wajerumani na kodi zake, na mwaka 1916 majeshi ya Waingereza na ya Wajerumani yakapita Handeni, yakachukua chakula na wapagazi. Watu walipotawanyika, mashamba yaliachwa, na kichaka kikasogea pamoja na nguruwe pori na mbung'o. Mwanahistoria James Giblin aliandika kitabu kizima kuhusu habari hii, kilichotoka mwaka 1992. Anaonyesha kwamba Wazigua hawakukosa maarifa ya kutunza mazingira yao, bali mfumo wao wa kusaidiana na kulishana wakati wa shida ulivunjwa. Ndiyo maana swali la mbung'o ni la Historia kama lilivyo la Baiolojia.

Swynnerton alifika Tanganyika mwaka 1919 akiwa mkuu wa kwanza wa idara ya wanyamapori. Hebu fikiria mtihani uliomkabili: mtu aliyeajiriwa kuwalinda wanyama anaambiwa kwamba wanyama haohao ndio wanaomlisha mbung'o. Huko Rhodesia ya Kusini serikali iliamua kuwapiga risasi kwa maelfu. Yeye alitaka kushambulia kichaka badala ya mnyama. Mwaka 1922 malale yalilipuka karibu na Mwanza, naye akaenda kuchunguza. Mbung'o wa huko alikuwa wa aina isiyokuwa na jina, na mwaka 1923 aina hiyo iliitwa kwa jina lake.

Shinyanga ndiko alikofanya jaribio kubwa. Kwa kupitia watemi wa Wasukuma, maelfu ya wanaume walitoka na mashoka wakafyeka vichaka. Alitumia pia moto, lakini kwa utaratibu. Nyasi zikichomwa mapema wakati wa kiangazi, moto huwa dhaifu na kichaka hubaki. Zikiachwa hadi zikauke kabisa, moto mmoja mkali hupenya na kuua miche ya vichaka. Kuanzia mwaka 1929 aliongoza kituo cha utafiti wa mbung'o hapo Shinyanga, na mwaka 1936 kikatoka kitabu chake kuhusu mbung'o wa Afrika Mashariki, chenye kurasa zaidi ya 500.

Usimwandike kama shujaa asiye na doa. Kufyeka kuliitwa kazi ya hiari, lakini chini ya ukoloni, mtemi akiamuru, si rahisi mtu kukataa. Tena, ng'ombe walipoongezeka katika nchi iliyosafishwa, malisho yalizidiwa na udongo wa Usukumani ukaanza kumomonyoka. Ukiombwa kueleza hasara za kubadili uhusiano wa viumbe, mfano huu unatosha.

Tarehe 8 Juni 1938 Swynnerton alipanda ndege kwenda Dar es Salaam kupokea nishani. Ndege ilianguka, akafa pamoja na B. D. Burtt, mtaalamu wa mimea wa kituo chake. Ukilikuta jina la Swynnerton katika Historia ya Kenya, kwenye mpango wa kilimo wa mwaka 1954, huyo ni mwanawe Roger, si yeye. Usiwachanganye.

Baada yake vita vya mbung'o vilichukua njia nyingine. Katika miaka ya 1990 taasisi ya utafiti iliyoko Tanga ilizalisha mbung'o kwa wingi, ikawagumba madume kwa mionzi na kuwaachia Unguja. Jike akijamiiana na dume mgumba hazai. Mbung'o wa mwisho wa Unguja alinaswa mwaka 1996, na kisiwa hakina mbung'o hadi leo. Ukiulizwa kwa nini njia hiyo haijamaliza mbung'o Handeni, tazama ramani: Unguja imezungukwa na bahari, lakini vichaka vya Handeni vimepakana na mapori mengine yanayoelekea Saadani, na mbung'o hahitaji daraja kuvuka.