Rwagasore, Marehemu Asiyeondoka Bujumbura

Askari aliyewahi kushika lindo la usiku mbele ya jumba kubwa anazijua hadithi za aina hii. Saa nane za usiku upepo huvuma mlimani, dirisha hugonga, na kulipopambazuka mtu husimulia kwamba amesikia nyayo za asiyeonekana. Majengo ya Kiriri, ambayo mapadre Wajesuiti waliyajenga kuwa Koleji ya Roho Mtakatifu na ambayo baadaye yalikuwa kampasi ya Chuo Kikuu cha Burundi, yana kila kitu kinachozaa hadithi hizo: mlima, giza, kuta ndefu na vijana wasiolala mapema. Hatumcheki yeyote. Twataka tu kukumbusha kwamba kwenye miteremko hiyo hiyo inayoutazama mji, upande wa Vugizo, limo kaburi la mtu ambaye habari zake zinashinda za mizuka yote.

Louis Rwagasore alizaliwa Gitega tarehe 10 Januari 1932, mwana mkubwa wa Mwami Mwambutsa wa Nne. Alisoma Astrida, yaani Butare ya Rwanda, kisha Antwerp nchini Ubelgiji. Aliporudi angeweza kukaa barazani mwa baba yake na kuamkiwa. Mwaka 1957 akaingia katika biashara ya ushirika, akiwakusanya wachuuzi na wenye maduka madogo, wengi wao Waswahili wa Buyenzi, mtaa ambao wakuu wa kikoloni waliutazama kwa jicho la shaka. Ushirika ule ulipata hasara, na hatuoni sababu ya kulificha jambo hilo. Lakini hasara ile ilimpatia kitu ambacho fedha hainunui: mwana wa Mwami alijulikana kwa uso na kwa sauti na watu wa sokoni.

Kutoka hapo akawa nguzo ya chama cha UPRONA, akadai uhuru wa haraka, akapata urafiki na msaada wa TANU ya Mwalimu Nyerere ng'ambo ya ziwa. Wabelgiji wakamtia kizuizini Bururi mwishoni mwa Oktoba 1960, na uchaguzi wa mitaa ukapita yeye akiwa amefungiwa humo. Chama chake kikashindwa. Mwaka uliofuata mambo yakageuka. Tarehe 18 Septemba 1961 UPRONA ilitwaa viti 58 kati ya 64, na mwisho wa mwezi ule Rwagasore akawa Waziri Mkuu, umri wake miaka 29.

Alikaa kitini wiki mbili tu. Usiku wa tarehe 13 Oktoba 1961 alikuwa akila chakula katika Hoteli Tanganyika, kando ya ziwa, pamoja na wenzake. Risasi ilitoka gizani nje, naye akaanguka. Msomaji wetu aliye kazini atajiuliza mara moja lile ambalo nasi tumejiuliza mara nyingi: nani alikuwa akilitazama giza lile? Waziri Mkuu wa nchi inayokaribia uhuru aliketi penye mwanga, na mwenye bunduki alikuwa na bustani yote ya kujifichia.

Upelelezi haukuchelewa. Katika siku tatu Mgiriki Jean Kageorgis alikuwa amekamatwa, na nyuma yake wakaonekana viongozi wa chama pinzani cha PDC, ndugu wawili Ntidendereza na Biroli. Kageorgis aliuawa kwa hukumu tarehe 30 Juni 1962, siku moja kabla ya uhuru. Wenzake mahakama ya rufaa ilikuwa imewapa vifungo. Baada ya uhuru wakahukumiwa upya, na tarehe 15 Januari 1963 watu watano wakanyongwa hadharani Gitega. Kuhusu mkono wa maofisa wa Kibelgiji, mjadala haujaisha hata leo. Nasi twakiri kwamba kesi iliyohukumiwa mara mbili hutuacha na uzito moyoni, hata tukijua ukubwa wa kosa lenyewe.

Wazee wa Burundi walikuwa na njia yao ya kuwalaza wakubwa. Wami waliofariki walipelekwa kwenye vilima vya kaskazini, wakapewa walinzi maalumu, na miti iliyozunguka makaburi, iitwayo intatemwa, haikuguswa na shoka. Ilisimuliwa kwamba Mwami aliyekufa hugeuka simba au chui. Rwagasore hakuwa Mwami, na kaburi lake halina msitu wa kulificha. Liko wazi juu ya mji, taa za mitaa chini yake. Wana wake wawili wa kike walifariki wangali wachanga, kwa hiyo hakuacha mtoto wa kumtambikia. Ni Jamhuri inayolitunza jina lake, na kila tarehe 13 Oktoba askari hupanda Vugizo kwa gwaride na mashada ya maua.

Baba yake aliondolewa katika ufalme mwaka 1966, akafia Uswisi mwaka 1977. Mifupa yake ilifukuliwa mwaka 2012 ili irudishwe nyumbani, ikazuiwa na mashauri ya mahakama, ikazikwa tena huko huko. Mwana yuko juu ya Bujumbura. Baba yuko Meyrin, karibu na Geneva.