Jefferson na maneno ya divai

Kama wengi wetu, nilimjua Thomas Jefferson kuwa mwandishi wa Tangazo la Uhuru la Marekani la 1776 na rais wa tatu wa nchi hiyo. Nilikutana na Jefferson wa divai nilipokuwa nikitafuta, kwa kazi ya leksikolojia, namna watu wanavyoyapa majina mambo ya ulimi.

Alizaliwa Virginia mwaka 1743. Tangu 1784 hadi 1789 aliiwakilisha nchi yake mjini Paris. Mwaka 1787, akiwa ameumia kifundo cha mkono, alikwenda kusini kutafuta tiba ya maji ya Aix. Maji hayakumfaa, mashamba ya mizabibu yalimfaa zaidi. Huko Burgundy aliona watu wa Pommard na Volnay wakila mkate mzuri wa ngano, na majirani zao wa Meursault wakila mkate wa rai, nafaka duni. Aliuliza kwa nini. Akaambiwa kwamba divai nyeupe, iliyo ya Meursault, huharibika mara nyingi kuliko nyekundu na kumbakia mkulima mikononi. Hiyo ndiyo safari ninayoipenda: aliuliza habari za mkate kabla ya glasi.

Bordeaux aliyataja mashamba manne ya daraja la kwanza: Margaux, Latour, Haut-Brion na Lafite. Divai nyekundu ya daraja hilo, aliandika, haikamiliki kabla ya miaka minne; ya Lafite, kwa kuwa ni nyepesi kidogo, yatosha mitatu. Asiyengoja hunywa ukakasi, ule wa ndizi mbichi unaokaza ulimi, ambao miaka ya pipa na chupa huulainisha. Kwa kuwa aliogopa wafanyabiashara wanaochanganya, aliagiza kwa wenye shamba wenyewe. Mwaka 1790 alimwagizia hata Rais Washington, kila mmoja makasha yake yakiwa na herufi za jina lake.

Mwaka 1819, mzee tayari, alimwandikia wakala wake wa Marseille barua ambayo katika kitivo chetu tungeiita kamusi ndogo. Kuna divai tamu, kuna chachu, kuna kavu, yaani isiyo na utamu wala uchachu. Halafu kuna ya hariri, yenye utamu wa mbali sana. Kila neno alilipa mfano wa divai ambayo Mfaransa anaijua, Frontignan kwa ile tamu, maana alitambua kwamba neno tupu halivuki bahari. Sisi nasi tunakwama hapo: nani kwetu husema kinywaji kikavu? Lakini ukakasi tunao, na hatukuuazima.

Nyumbani kwake Monticello, ghala la divai lilikuwa chini ya chumba cha kulia. Ndani ya kuta za meko kulijengwa kijisanduku cha kupanda na kushuka, na chupa zilikuja juu. Wageni waliiona chupa. Mtumwa aliyeipakia huko chini hawakumwona. Katika maisha yake Jefferson alimiliki watu zaidi ya 600.

Alifariki tarehe 4 Julai 1826, akiacha deni la zaidi ya dola 100,000. Januari 1827, ili kulilipa, watu wapatao 130 walitangazwa kuuzwa kwa mnada pale Monticello, pamoja na mifugo, mavuno na vyombo vya nyumba.