Lettow-Vorbeck: Shujaa asiyeshindwa na deni lisilolipwa

Siku chache zilizopita, baada ya swala ya Alasiri, nilikaa kwenye baraza ya msikiti mmoja wa hapa Kariakoo nikawasikiliza vijana wakibishana juu ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Mmoja alisema Mjerumani alikuwa bora kuliko Mwingereza, kwa sababu jemadari wake, Paul von Lettow-Vorbeck, alipigana miaka minne katika nchi yetu bila kushindwa, na tena Wajerumani walikuwa marafiki wa Waislamu. Mwenzake akajibu kwamba wote walikuwa wakoloni waliogombania mali isiyo yao, basi hakuna cha kujadili. Niliwaacha waendelee, lakini nilirudi nyumbani na swali. Je, jemadari husifiwa kwa mapigano aliyoshinda tu, au huulizwa pia juu ya watu walioangamia bila kushauriwa katika vita hivyo?

Dini yetu inatutaka tuwe waadilifu hata kwa mtu tusiyempenda. Basi tumtazame mtu huyu kwa uadilifu. Tumpe haki yake, kisha tumdai anachodaiwa.

Lettow-Vorbeck alizaliwa tarehe 20 Machi 1870 katika mji wa Saarlouis, katika ukoo wa Kiprusi ambao kazi yake ilikuwa ujeshi. Mwaka 1900 alipelekwa China pamoja na majeshi ya mataifa ya nje yaliyokwenda kuwazima Waboxer. Mwaka 1904 alikwenda Afrika Kusini Magharibi ya Kijerumani, ambayo leo ni Namibia, akawa miongoni mwa maofisa waliofanya kazi chini ya Jenerali Lothar von Trotha. Huko Waherero walisukumwa jangwani, wakazuiwa wasivifikie visima vya maji, na Oktoba 1904 Trotha akatoa amri kwamba Mherero yeyote atakayeonekana ndani ya mipaka apigwe risasi. Serikali ya Ujerumani yenyewe ilikiri mwaka 2021 kwamba yale yalikuwa mauaji ya kimbari. Lettow-Vorbeck siye aliyetoa amri ile. Lakini hapo ndipo alipojifunza vita vya Afrika, na hapo ndipo alipojeruhiwa jicho la kushoto mwaka 1906, akipigana na Wanama. Anayetaka kumwelewa mtu huyu asianzie Tanga, aanzie Namibia.

Alifika Dar es Salaam Januari 1914 kuliongoza jeshi la koloni. Miezi saba baadaye Ulaya ikawaka moto. Hapa tujiulize, ugomvi ule ulituhusu nini? Mrithi wa ufalme wa Austria aliuawa Sarajevo tarehe 28 Juni 1914, na kwa sababu ya mikataba ya siri na ya wazi, mashindano ya silaha na choyo cha makoloni, dola moja ikaivuta nyingine mpaka zote zikaingia. Mkulima wa Usambara na mvuvi wa Kilwa hawakujua Sarajevo iko upande gani wa dunia.

Na jambo ambalo wengi hawaambiwi ni kwamba vita hivi vingeweza kuiepuka nchi hii. Mkataba wa Berlin wa mwaka 1885, ule ule ambao wakoloni waliwekeana masharti ya kugawana Afrika, ulikuwa na kifungu kilichoruhusu makoloni ya eneo hili yasiingizwe katika vita vya Ulaya. Gavana Heinrich Schnee alitaka njia hiyo. Waingereza hawakuijali, na tarehe 8 Agosti 1914 manowari yao iliupiga mizinga mnara wa simu ya upepo hapa Dar es Salaam. Lettow-Vorbeck naye hakuitaka. Alimpinga gavana wake, na tarehe 15 Agosti majeshi yake yakaiteka Taveta, ndani ya koloni la Waingereza. Kwa hiyo anayesema Mwingereza ndiye aliyeanza amesema kweli, na anayesema Mjerumani alikuwa na hamu ya vita naye amesema kweli.

Hoja ya jemadari ilikuwa moja. Alijua hawezi kuishinda dola ya Uingereza, lakini aliamini kwamba akiwasumbua Waingereza hapa, watalazimika kuleta askari ambao wangekwenda kupigana Ulaya. Kwa maneno mengine, nchi hii ilikuwa chambo. Na hata hesabu hiyo ina mashaka, kwa sababu walioletwa kumfukuza walikuwa zaidi Wahindi, Makaburu na Waingereza wa Afrika Kusini, na Waafrika wenzetu. Wengi wao, hasa Waafrika, wasingepelekwa katika mahandaki ya Ufaransa.

Sasa tuje kwenye hili la urafiki na Waislamu. Novemba 1914 Dola ya Othmaniya, iliyokuwa upande wa Ujerumani, ilitangaza jihadi kutoka Istanbul, na Wajerumani wakausambaza wito huo katika koloni lao, ambako askari wao wengi walikuwa Waislamu. Vijana wetu wakisikia hivyo hufurahi. Lakini je, wanajua kwamba mwaka mmoja tu kabla, yaani 1913, serikali ya Gavana Schnee ilikuwa ikiwahoji maofisa wake wa wilaya jinsi Uislamu unavyoenea na namna ya kuuzuia? Je, wanajua kwamba mwaka 1908, ilipoenea barua iliyodaiwa kutoka Makka, walimu wa Kiislamu walikamatwa na serikali hiyo hiyo? Uislamu ulikuwa hatari wakati wa amani, ukawa silaha wakati wa vita.

Waingereza nao walicheza mchezo huo huo. Upande wa pili wa bahari, Sultani Khalifa bin Harub wa Zanzibar, aliyekuwa chini ya himaya yao, aliwahimiza Waislamu wabaki na Uingereza. Matokeo yake ni nini? Waislamu wa jeshi la Mjerumani walipigana na Waislamu wa King's African Rifles, na Waislamu kutoka India, na Waislamu wa Kihausa waliotolewa Nigeria. Oktoba 1917 pale Mahiwa, mkoani Lindi, Wanigeria na askari wa Mjerumani waliuana kwa siku nne. Bila shaka wengine walikufa huku wakitamka shahada ile ile.

Tumpe haki yake. Kama fundi wa vita, Lettow-Vorbeck hakuwa na wengi wa kulinganishwa naye. Mwanzoni mwa Novemba 1914 Waingereza walileta Tanga jeshi la watu wapatao 8,000, na yeye akiwa na watu wapatao 1,000 akawarudisha melini. Nyuki nao walisaidia, kwani mizinga ya nyuki iliyokuwa mitini ilivurugwa kwa risasi, wakawavamia watu. Bunduki walizoacha Waingereza zikamvalisha jeshi jipya. Alitembea kwa miguu pamoja na askari wake, aliugua malaria kama wao, na hakuwakimbia. Hayo hatuyakanushi.

Lakini Machi 1916 Jenerali Jan Smuts aliingia kwa nguvu kubwa kutoka kaskazini, na Septemba mwaka huo Dar es Salaam ikatekwa. Tangu hapo mbinu ya Lettow-Vorbeck ikawa kurudi nyuma, kupiga na kuondoka. Jeshi linalotembea bila ghala hula nini? Hula cha wanavijiji. Majeshi yote mawili yalichukua nafaka na ng'ombe, na yalichukua wanaume wa kubeba mizigo wakati wa kulima. Alipoondoka mahali, hakutaka adui akute chakula. Daktari Ludwig Deppe, aliyekuwa ndani ya jeshi lake mwenyewe, aliandika baadaye kwa uchungu kwamba nyuma yao waliacha mashamba yaliyoharibiwa, ghala tupu na njaa. Huyu hakuwa adui yake.

Ugogo, ambako majeshi hayo yalipita, njaa ya miaka ya 1917 hadi 1920 ilipewa jina lake, Mtunya. Inakadiriwa kwamba Wagogo wapatao 30,000 walikufa. Kusini hali ilikuwa mbaya zaidi kwa sababu watu wa Songea, Liwale na Kilwa walikuwa bado hawajapona Maji Maji ya 1905 hadi 1907, ambapo Wajerumani walitumia njaa kama silaha. Mtoto aliyenusurika njaa ya kwanza alikutana na ya pili akiwa kijana. Kisha mwaka 1918 likaja homa kali ya mafua, likakuta miili iliyokwisha dhoofika.

Halafu kuna wapagazi. Kila askari aliyebeba bunduki alikuwa na watu nyuma yake waliobeba risasi, chakula, mahema na hata mizinga iliyofunguliwa vipande. Lettow-Vorbeck aliwachukua vijijini kwa nguvu, wala hesabu kamili ya waliokufa haikuwekwa. Waingereza walichukua wengi zaidi. Pamoja na washirika wao waliandikisha wapagazi wapatao milioni moja katika vita hivi vya Afrika Mashariki, na wanaokadiriwa kufikia laki moja walikufa, wengi wao si kwa risasi bali kwa kuhara, malaria na chakula kibovu. Kikosi chao cha wapagazi kiliitwa Carrier Corps. Watu wetu wakalitamka jina hilo Kariakoo. Naam, Kariakoo hii tunamouza na kununua, na tunamoswali, ilikuwa kambi ya wapagazi hao.

Novemba 1917 Lettow-Vorbeck alivuka mto Ruvuma kuingia Msumbiji, akiacha nyuma wagonjwa na majeruhi mia kadhaa wakamatwe. Alizunguka huko, akarudi nchini Septemba 1918, akaingia Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Alikuwa Kasama ilipomfikia habari kwamba Ujerumani imekwisha kusalimu amri Ulaya. Tarehe 25 Novemba 1918 aliweka silaha chini Abercorn, mji unaoitwa leo Mbala, akiwa na Wajerumani wapatao 155 na askari wa Kiafrika zaidi ya elfu moja. Machi 1919 alipita Berlin juu ya farasi akishangiliwa kama jemadari asiyeshindwa. Wajerumani, waliofedheheshwa na vita, walihitaji shujaa, na yeye akawa shujaa huyo.

Baadaye yake haikuwa tulivu. Mwaka 1920 alishiriki katika jaribio la Kapp la kuipindua serikali ya Jamhuri, akatolewa jeshini. Kuanzia 1928 hadi 1930 alikuwa mbunge wa chama cha wazalendo wa mrengo wa kulia. Hitler alipompa ubalozi wa London aliukataa, na hilo linahesabiwa upande wa mema yake. Lakini utawala huo uliendelea kulitumia jina lake, na mwaka 1939 alikubali kupandishwa cheo cha heshima. Kisha Vita Kuu ya Pili vikamfikia nyumbani. Wanawe wawili wa kiume walikufa vitani, na nyumba yake ya Bremen ikabomolewa kwa mabomu. Mzee yule aliyekula ghala za watu akawa hana chakula, na miongoni mwa waliompelekea vifurushi vya chakula alikuwemo Smuts, adui yake wa zamani. Majemadari wawili walipatana. Ni jambo zuri. Lakini ni nani aliyepeleka kifurushi Ugogo?

Mwaka 1953 alirudi Dar es Salaam kutembea, na askari wake wa zamani, wazee wenye mvi, wakampokea kwa furaha. Alifariki Hamburg tarehe 9 Machi 1964, akiwa na miaka karibu 94. Mwaka huo huo Bunge la Ujerumani Magharibi liliidhinisha askari waliobaki hai walipwe malimbikizo ya mishahara yao. Miaka 46 walikuwa wamesubiri, na wengi walikuwa wamekwisha kufa. Wapagazi hawakuwa katika hesabu hiyo. Upande wa Waingereza nako ujira mwingi wa wapagazi waliokufa haukuwafikia warithi wao.

Sisi Waislamu tunacho kipimo. Sayyidna Abubakar (r.a.), alipolituma jeshi Sham, aliliusia lisiue wanawake, watoto wala wazee, lisikate miti ya matunda, na lisichinje mifugo ila kwa ajili ya kula. Hayo yalisemwa zaidi ya miaka 1,200 kabla ya mikataba ya Geneva na The Hague. Mtume (s.a.w.) naye aliamrisha mfanyakazi apewe ujira wake bila kucheleweshwa. Kwa kipimo hicho Lettow-Vorbeck hana pa kujitetea, na Smuts hana, na aliyewaita Waislamu kwenye jihadi kwa faida ya Kaiser hana. Na tuwe wakweli, kipimo hicho kinatuhukumu na sisi. Watawala na makundi ya Kiislamu wanaochoma mashamba na kuwaua wasio na silaha hawaokolewi na jina la dini.

Nikikutana tena na vijana wale nitawaambia wote wawili wamekosea. Kusema hakuna cha kujadili ni kuwazika wapagazi mara ya pili. Na kumwita Lettow-Vorbeck asiyeshindwa ni kuchukua hesabu ya nusu. Yeye hakushindwa kwa sababu kila aliposhindwa alilipa kwa mali ya wengine, kwa mtama wa Mgogo na mgongo wa Mngoni. Katikati ya jiji letu lipo sanamu la askari mwenye bunduki lililosimamishwa mwaka 1927 kuwakumbuka waliopigana na waliobeba. Mwenye bunduki anaonekana, lakini mbeba mzigo haonekani. Ukumbusho wake pekee ni jina la soko hili, nasi tunalitaja kila siku bila kujua tunamtaja nani.

Ukipita Kariakoo, ndugu yangu, ukamwona hamali ameinama chini ya gunia, mpishe njia, na mlipe haki yake kabla hajaondoka. Wallahu a'lam.