Koitalel arap Samoei: Mkuki Mbele ya Baruti

Utangulizi

Kaskazini mwa Muhoroni, ukingoni mwa bonde la mto Nyando, huinuka ukuta wa milima ya Nandi. Chini ya ukuta huo reli ilipita mwaka 1901, ikiteremka kutoka Fort Ternan kupitia Muhoroni, Chemelil na Kibigori hadi ikafika Kisumu mwezi Desemba. Juu yake aliishi Koitalel arap Samoei, Orkoiyot wa Wanandi, yaani kiongozi wa kiroho ambaye wapiganaji hawakwenda vitani bila idhini yake. Wengi humkumbuka kama mtu wa jadi aliyepambana na gari la moshi kwa mkuki. Kumbukumbu hiyo ni ya kweli lakini haitoshi. Maisha ya Koitalel yanaeleza pia jinsi baruti ilivyobadilisha vita katika Afrika Mashariki, na kwa nini watu walioishinda baruti ya babu zao walishindwa na ile ya wajukuu.

Kuzaliwa na Urithi

Koitalel alizaliwa mnamo mwaka 1860. Baba yake, Kimnyole arap Turukat, alikuwa Orkoiyot kabla yake. Masimulizi ya Wanandi yanaeleza kwamba Kimnyole alitabiri kuja kwa wageni weupe, na kwamba joka la chuma litakalotema moto na moshi litatoka ziwa la mashariki, yaani Bahari ya Hindi, na kwenda kunywa maji katika ziwa la magharibi. Mnamo mwaka 1890, baada ya maradhi ya mifugo na maafa ya vita, Kimnyole alilaumiwa na watu wake mwenyewe akauawa kwa marungu.

Urithi huo ulizua mgogoro baina ya Koitalel na ndugu yake, Kipchomber arap Koilegei. Wafuasi wa Koitalel walishinda, naye Kipchomber akakimbilia kwa Wakipsigis, ambako alipata uongozi wa namna hiyo hiyo. Koitalel alishika cheo akiwa na umri wa miaka thelathini hivi. Alijua fika kwamba Orkoiyot anayeshindwa huulizwa na watu wake.

Baruti ya Kwanza

Baruti ilivumbuliwa nchini China, yapata karne ya 9, na mabingwa waliokuwa wakichanganya madini kutafuta dawa ya uhai. Walichokipata kwa kuchanganya shura, kiberiti na mkaa kikawa chombo cha mauti. Ujuzi huo ulisafiri kuelekea magharibi kupitia Asia, ukafika Uarabuni na Ulaya. Pwani ya Waswahili iliuonja uchungu wake mwaka 1505, mizinga ya Wareno ilipoishambulia Kilwa na Mombasa.

Bara, baruti ilifika baadaye sana, mabegani mwa misafara ya biashara ya karne ya 19. Silaha ya misafara hiyo ilikuwa gobore. Mpigaji alimimina baruti mdomoni mwa mtutu, akashindilia, akatia risasi, akashindilia tena, kisha akatayarisha kiwashio. Hata askari hodari hakuweza kupiga zaidi ya mara mbili au tatu kwa dakika moja, na baruti iliyolowa mvua haikuwaka.

Wanandi waliusoma udhaifu huo. Waliwachokoza wenye bunduki ili wafyatue mapema, wakajilaza chini risasi zipite, kisha wakainuka na kushambulia kwa mikuki kabla magobore hayajashindiliwa tena. Kwa mbinu hiyo misafara kadhaa iliteketezwa, na wafanyabiashara wengi wakaona heri kuzunguka mbali kuliko kuikatiza nchi ya Wanandi. Koitalel, basi, alikulia katika jamii iliyokwisha kukutana na bunduki na kuishinda.

Baruti ya Pili

Wakati Koitalel akiwa kijana, silaha iligeuka huko Ulaya. Bunduki mpya zilitiwa risasi kwa nyuma, ambapo baruti na risasi vilifungwa pamoja ndani ya ganda moja la shaba. Mwaka 1884 Mfaransa Paul Vieille aligundua baruti isiyotoa moshi mwingi. Mwaka huo huo Hiram Maxim alitengeneza bunduki iliyotumia nguvu ya mrusho wake yenyewe kujitilia risasi nyingine, ikaweza kufyatua takriban risasi 600 kwa dakika. Ule mwanya wa kushindilia, ambao ndio uliokuwa ngao ya kweli ya Wanandi, ulizibwa.

Mlango wa kuzipata silaha hizo nao ulifungwa. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890, uliotiwa saini na mataifa makubwa kwa jina la kukomesha biashara ya watumwa, ulizuia bunduki za kisasa kuuzwa katika sehemu kubwa ya Afrika. Magobore na baruti ya kawaida viliruhusiwa kwa masharti. Kwa hiyo Mwafrika aliachiwa baruti ya zamani, na mtawala akabaki na ile mpya.

Vita vya Miaka Kumi

Mwaka 1895 Wanandi walimuua mfanyabiashara Mwingereza, Peter West, pamoja na wapagazi wake wengi. Waingereza walijibu kwa kupeleka jeshi. Majeshi mengine yalifuata mwaka 1897, 1900, 1903 na 1905. Kwamba safari tano zilihitajika dhidi ya jamii ndogo isiyo na bunduki za kisasa ni ushahidi tosha kuwa Maxim haikumaliza kila kitu. Wanandi waliepuka uwanja wa wazi, ambako bombomu lilikuwa na enzi, wakapendelea misitu, majani marefu na giza la usiku. Walivizia vikundi vidogo vya askari na wapagazi, wakatoweka.

Reli ilipokaribia, walilenga kile ambacho bunduki hazikuweza kukilinda chote. Nyaya za simu zilikatwa zikawa mapambo, na vyuma vya reli vikawa silaha. Hata hivyo, reli iyo hiyo ilibadilisha vita. Askari na risasi waliokuwa wakitembea kwa miezi kutoka pwani sasa waliweza kuteremka katika stesheni za Muhoroni na Kibigori baada ya siku chache tu.

Kifo cha Ketparak

Mwaka 1905 Waingereza walikusanya jeshi kubwa la askari wa Keya. Kabla halijaanza kazi, ofisa mmoja wa jeshi hilo, Richard Meinertzhagen, alipanga kukutana na Koitalel kwa mazungumzo ya amani. Walikutana katika kilima cha Ketparak tarehe 19 Oktoba 1905. Koitalel alipigwa risasi papo hapo, na wenzake zaidi ya ishirini wakauawa pamoja naye.

Meinertzhagen alidai kwamba alikuwa ametegewa mtego. Masimulizi ya Wanandi yanasema Koitalel alikuja na majani mkononi, ishara ya amani. Mabaraza matatu ya uchunguzi yalimwondolea ofisa huyo lawama, ila mwaka 1906 aliondolewa nchini. Baadaye watafiti waligundua udanganyifu mwingi katika kazi zake za ndege, na maandishi yake mengine yakaingia shakani.

Siku mbili baada ya mauaji, jeshi lilianza kushambulia. Wanandi zaidi ya 1,000 waliuawa, maelfu ya ng'ombe, mbuzi na kondoo yakatekwa, na nyumba zikachomwa. Mwaka 1906 koo za Kamelilo na Kapchepkendi, zilizoishi karibu na reli, zilihamishwa kwa nguvu kwenda kaskazini. Ardhi yao waligawiwa walowezi.

Baada Yake

Mwanawe, Barsirian arap Manyei, alikamatwa mwaka 1923 na kuzuiliwa hadi mwaka 1964, zaidi ya miaka arobaini. Fimbo za Koitalel, zilizochukuliwa siku ya kifo chake, zilirejeshwa Kenya mwaka 2006 na mtoto wa Meinertzhagen. Kaburi lake la ukumbusho na makumbusho yenye jina lake viko Nandi Hills.

Hitimisho

Mwaka huo huo wa 1905, kusini mwa Tanganyika, Kinjeketile aliwapa wapiganaji wa Maji Maji dawa ya kugeuza risasi kuwa maji. Wapenzi wa fasihi ya Kiswahili wanamfahamu kupitia tamthilia ya Ebrahim Hussein. Ni rahisi kumweka Koitalel katika kapu hilo moja, akaonekana kiongozi aliyepotezwa na imani. Historia inamtofautisha. Watu wake walikuwa na elimu ya baruti iliyotokana na uzoefu, nayo ilikuwa sahihi mpaka silaha ilipobadilika. Hata ilipobadilika, walistahimili miaka kumi. Aidha, risasi iliyomuua Koitalel haikupigwa katika mapambano ya uwanjani, bali katika mkutano ulioitwa wa amani. Anayeandika kwamba mkuki ulishindwa na bunduki hana budi kuandika pia kwamba ahadi ilivunjwa Ketparak.