Sacher-Masoch: Mwandishi aliyetwaliwa jina lake akiwa hai

WENGI hulitamka jina la Leopold von Sacher-Masoch pasipo kujua kwamba wanamtaja mtu. Neno masokizimu, linalotumiwa kueleza hali ya mtu kupata ashiki kwa kutawaliwa, kudunishwa au kutiwa maumivu na mpenziwe, lilichongwa kutokana na ubini wake. Lilichongwa na daktari, mwenyewe akiwa angali hai, na hakuna aliyemwomba idhini.

Hicho ndicho kinaya kikuu cha maisha ya mwandishi huyu. Kati ya mambo yote aliyoyaandika, lililomshughulisha zaidi ni ridhaa: nani anampa nani mamlaka, kwa muda gani na kwa masharti yapi. Hata hivyo, jambo lililombakisha katika kumbukumbu za ulimwengu ni lile ambalo hakuliridhia kamwe.

Sacher-Masoch alizaliwa Januari 27, 1836 katika mji wa Lemberg, ambao leo ni Lviv nchini Ukraine. Wakati huo mji huo ulikuwa makao makuu ya Galicia, jimbo la himaya ya Austria. Babake alikuwa mkuu wa polisi wa mji. Mamake alitoka katika ukoo wa Masoch, na kwa kuwa ukoo huo haukuwa na mrithi wa kiume, majina ya pande mbili yaliunganishwa ili la upande wa mama lisipotee. Jina lililokusudiwa kuhifadhiwa kwa heshima ndilo lililokuja kuwa jina la ugonjwa.

Galicia ya utoto wake ilikuwa nchi ya mabwana na watwana. Wakulima walilazimika kuyafanyia kazi mashamba ya makabaila bila malipo. Mnamo 1846, Leopold akiwa na umri wa miaka kumi, wakulima hao waliwageukia mabwana zao na kuwaua kwa mamia. Miaka miwili baadaye utwana ulifutwa. Kijana huyo alikua akijua kwamba utumwa wa kulazimishwa ni jambo la damu na machozi, si hadithi ya kujifurahishia.

Katika nchi hiyo ya baridi kali, vazi la manyoya ya wanyama lilikuwa pia alama ya cheo. Mwenye manyoya mazito begani alikuwa mwenye amri. Kwa mujibu wa kumbukumbu alizoandika Sacher-Masoch mwenyewe, mvuto wake kwa vazi hilo ulianza akiwa mtoto, kwa jamaa mmoja wa upande wa babake, mwanamke wa tabaka la juu aliyependa kuvaa manyoya. Anasimulia kwamba siku moja alijificha kati ya nguo za mwanamke huyo, akashuhudia siri za mapenzi yake, akagunduliwa na kuchapwa. Tangu hapo, anadai, manyoya na mjeledi havikutengana katika fikra zake.

Familia ilihamia Prague mnamo 1848, kisha mjini Graz. Huko Leopold alihitimu shahada ya udaktari kabla ya wenzake wengi, akafundisha historia katika chuo kikuu na kuandika kitabu kuhusu uasi wa mji wa Ghent zama za mfalme Karl wa Tano. Lakini kalamu ya mwanahistoria haikumtosheleza. Mnamo 1858 alichapisha riwaya yake ya kwanza kuhusu maasi ya Galicia, na baadaye akaacha ualimu ili awe mwandishi wa kazi za kubuni.

Mwaka wa 1869 alikutana na Fanny Pistor, mwanamke aliyekuwa akijaribu kujitosa katika uandishi. Desemba 8 mwaka huo wawili hao walitia saini mkataba. Sacher-Masoch aliahidi kuwa mtumwa wa Pistor na kutii amri zake zote kwa muda wa miezi sita. Walisafiri hadi Italia, Pistor akijiita mke wa kabaila na kuketi katika daraja la kwanza la treni, naye mwandishi akiwa amevalia sare ya mtumishi, akiitwa Gregor na kusafiri katika daraja la tatu.

Msomaji anaweza kucheka, lakini hebu tuutazame mkataba huo kwa makini. Pistor hakuruhusiwa kumwamuru kutenda jambo lolote la kumvunjia heshima kama mtu au kama raia. Alipaswa kumwachia saa sita kila siku kwa ajili ya kazi yake ya uandishi. Hakuruhusiwa kusoma barua wala miswada yake. Kwa upande wake, aliahidi kuvaa manyoya kila ilipowezekana, hasa anapokuwa mkali. Miezi sita ikiisha, mambo yote yangehesabiwa kana kwamba hayakutendeka, na wawili hao wangerudi kuwa wapenzi wa kawaida.

Kwa ufupi, mtumwa huyo ndiye aliyenufaika na masharti mengi. Alijua siku ambayo utumwa wake ungekoma, na alikuwa amejiwekea mipaka ambayo bibi yake hangeivuka. Mtwana wa Galicia hakuwa na hata moja ya haki hizo.

Safari hiyo ndiyo iliyozaa riwaya yake maarufu, Venus im Pelz, yaani Venus aliyevaa manyoya, iliyotoka mwaka wa 1870. Mhusika Severin anamsihi Wanda von Dunajew, mjane kijana, amfanye mtumwa wake. Wanda huvaa kizibao cha mahameli kilichopambwa kwa manyoya, na kila anapokivaa huwa mtu mwingine. Vazi hilo halipo kwa ajili ya urembo pekee. Huwa ishara kwamba mchezo umeanza na kwamba mamlaka yamebadilisha mikono.

Severin anapendekeza waende Uturuki, ambako utumwa ulikuwa halisi. Wanda anakataa. Haoni fahari ya kumiliki mtumwa mahali ambapo kila mtu anaye. Anachotaka ni mtu aliyejisalimisha kwa hiari yake katika nchi ambapo hakuna sheria inayomlazimisha.

Hata hivyo, riwaya hiyo haimalizikii katika raha. Wanda anampata mwanamume mwingine, anamkabidhi mjeledi, na Severin anachapwa na mtu ambaye hakumchagua. Hapo ndoto inavunjika. Mwishoni Severin anatoa hukumu kwamba mwanamke, jinsi alivyolelewa, anaweza tu kuwa mtumwa wa mwanamume au mtawala wake, na hatakuwa mwenzi wake hadi awe sawa naye kwa haki, elimu na kazi.

Laiti mwandishi angeyazingatia mafunzo ya kitabu chake. Mnamo 1873 alimwoa Aurora Rümelin, mwanamke aliyetoka katika umaskini mjini Graz, ambako yeye na mamake walijikimu kwa kushona glavu. Aurora alimwandikia kwa kujiita Wanda von Dunajew, na jina hilo la kubuni likawa lake maishani. Mkataba wao ulikuwa mkali kupindukia. Haukuwa na tarehe ya mwisho, wala haukumwachia mtumwa mlango wa kutokea ila kifo.

Katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka wa 1906, Wanda alisimulia kwamba hakuwahi kuyapenda mambo hayo. Anaeleza jinsi mumewe alivyomshurutisha kuvaa manyoya mazito, kushika mjeledi na kumtafuta mwanamume wa nje, naye akiogopa kwamba akikataa, watoto wangekosa riziki. Tukimwamini, basi mambo yalikuwa kinyume kabisa cha yalivyoonekana. Aliyepiga magoti ndiye aliyekuwa akiamuru, na aliyeshika mjeledi ndiye aliyekuwa mateka. Ndoa hiyo ilivunjika katika miaka ya 1880.

Si haki, lakini, kumpima mtu kwa chumba chake cha kulala pekee. Sacher-Masoch alisifiwa kwa hadithi zake kuhusu Wayahudi, Waukraine na Wapolandi wa Galicia, na Wafaransa walimtunukia nishani. Kuanzia 1881 hadi 1885 alihariri jarida la Auf der Höhe mjini Leipzig, akitetea haki za wanawake na kupinga chuki dhidi ya Wayahudi. Miaka yake ya mwisho aliishi katika kijiji cha Lindheim nchini Ujerumani pamoja na Hulda Meister, mkewe wa pili. Huko alianzisha chama cha kuwaelimisha watu wazima mnamo 1893.

Wakati akifanya hayo, mtaalamu wa maradhi ya akili Richard von Krafft-Ebing, aliyekuwa amefundisha miaka mingi katika mji uleule wa Graz, alikuwa akikusanya visa vya wagonjwa kwa ajili ya kitabu chake Psychopathia Sexualis, kilichotoka mara ya kwanza mwaka wa 1886. Mwaka wa 1890 aliibuka na neno masokizimu. Alijitetea kwamba sayansi ina desturi ya kuviita vitu kwa majina ya watu, jinsi upofu wa rangi ulivyopewa jina la mwanakemia Dalton. Sacher-Masoch aliumizwa sana na uamuzi huo. Alifariki Machi 9, 1895.

Zaidi ya karne moja ilipita kabla ya wataalamu kulegeza msimamo. Mnamo 2013 mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani ulitenganisha mvuto wenyewe na maradhi: mtu hahesabiwi mgonjwa isipokuwa hali hiyo inamtesa au kumdhuru. Shirika la Afya Duniani nalo liliondoa masokizimu katika orodha yake mpya ya magonjwa, iliyopitishwa 2019 na kuanza kutumika 2022. Watu wazima wanaofuata mtindo huo leo husisitiza mambo yaliyokuwa katika mkataba wa 1869, yaani mapatano ya mapema na mipaka iliyo wazi, pamoja na uwezo wa kila mmoja kusimamisha jambo wakati wowote.

Mjini Lviv, sanamu yake ya shaba ilisimamishwa mnamo 2008 mbele ya mkahawa unaoitwa kwa jina lake. Watalii hupiga picha na kucheka. Wahenga walinena kuwa jina jema hung'aa gizani, lakini la Sacher-Masoch liling'azwa na mtu mwingine, kwa mwanga asioutaka.

Funzo lililomo katika maisha yake halihusu manyoya wala mjeledi. Kwa Fanny Pistor, wawili walikubaliana na wakaachana wakiwa salama. Kwa Aurora, mmoja alitaka na mwingine akavumilia. Mavazi yalikuwa yaleyale, mjeledi ulikuwa uleule. Kilichokosekana ni ridhaa, na bila ridhaa, mchezo hugeuka kuwa dhuluma.