Kapteni Mbaye Diagne na bariyeri za Kigali

Kila Aprili wakati wa Kwibuka tunataja majina mengi, na la mtu huyu hupita haraka. Mimi mwenyewe nilikuwa nalijua jina tu, mpaka darasani tulipofika kwenye sheria za haki za binadamu wakati wa vita, na swali likanikwama: askari afanye nini amri halali inapomtaka asimame atazame watu wakiuawa?

Mbaye Diagne alizaliwa Senegal tarehe 18 Machi 1958. Alisoma chuo kikuu Dakar kabla ya kuingia jeshini. Mwaka 1993 alikuja Rwanda kuwa mwangalizi wa kijeshi wa makubaliano ya amani ya Arusha, na katika UNAMIR, kikosi cha Umoja wa Mataifa, kazi yake ilikuwa hiyo hiyo: kuona na kuandika ripoti. Hakubeba silaha.

Asubuhi ya 7 Aprili 1994, askari wa serikali walimuua Waziri Mkuu Agathe Uwilingiyimana pamoja na mumewe. Watoto wao walikuwa wamefichwa jirani. Amri kwa waangalizi ilikuwa wazi, wasijiingize kuokoa raia. Diagne aliwachukua watoto wale, akawafunika kwa mablanketi ndani ya gari, akawafikisha Hotel des Mille Collines. Baadaye walitolewa nchini salama.

Hakuishia hapo. Siku baada ya siku alirudi mitaani, akibeba watu wachache wachache, watatu au watano kwa safari, kwa sababu gari halikutosha zaidi. Kila safari ilikuwa na bariyeri kadhaa, na kwenye bariyeri Interahamwe walidai kitambulisho. Kabila lilikuwa limeandikwa humo tangu enzi za Wabelgiji, kwa hiyo karatasi ya serikali ndiyo iliyoamua nani afe. Yeye aliwatania wauaji, akacheka nao, akawagawia sigara, akapita. Najua wapo watakaouliza habari ya rushwa. Mlango wa dharura katika fiqhi waachiwe masheikh. Mimi nasema tu kwamba sijasikia sigara zilizotumika vizuri kuliko zile.

Mkuu wake, Jenerali Dallaire, alijua na hakumzuia. Wakati huo huo, tarehe 21 Aprili, Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 912 la kupunguza kikosi kibaki na watu 270 hivi. Lilipitishwa kwa kufuata kanuni zote.

Rafiki yangu wa darasani hakubaliani nami. Anasema askari anayejichagulia amri za kutii ni hatari kwa utawala wa sheria. Hoja yake ina uzito, wala sikumshinda siku ile. Lakini waliomuua Agathe nao walikuwa askari watiifu. Na haki ya kuishi ilikuwa imeandikwa katika mikataba ambayo Rwanda yenyewe iliridhia. Diagne ndiye aliyekuwa akiitekeleza, kwa gari moja.

Waliookolewa wanakadiriwa kuwa mamia. Hakuna aliyeweka daftari, naye asingethubutu kuliweka.

Tarehe 31 Mei 1994 alikuwa akirudi makao makuu ya UNAMIR na ujumbe kwa Dallaire. Kombora la mota lilianguka nyuma ya gari lake kwenye bariyeri, kipande kikampiga kichwani, akafa pale pale. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Alikuwa na miaka 36, na muda wake wa kurudi nyumbani ulikuwa umekaribia. Wenzake hawakuwa hata na mfuko wa kuwekea maiti. Walimtengenezea wa turubai la plastiki.

Miaka 20 baadaye, Mei 2014, Baraza lile lile la Usalama lilianzisha nishani ya ushujaa yenye jina lake. Ya kwanza ilikabidhiwa mjane wake na watoto wake wawili, New York, mwaka 2016.