Mackinder: Mwalimu aliyeuonyesha ulimwengu Mlima Kenya kwa taa na kioo

WAPANDAJI wa Mlima Kenya hupita katika bonde liitwalo Mackinder, lakini ni wachache wanaojua kwamba mtu aliyepewa heshima hiyo alivuka nyanda za Kapiti na Athi, katika Machakos ya leo, akiwa ndani ya garimoshi, huku wenyeji wa Ukambani wakiangamia kwa njaa.

Halford John Mackinder alizaliwa Februari 15, 1861, mjini Gainsborough, Uingereza, akiwa mtoto wa daktari. Alisomea Chuo Kikuu cha Oxford, na mnamo 1887 akateuliwa kufunza jiografia chuoni humo, wakati ambapo wasomi wengi hawakulipa somo hilo hadhi yoyote. Alishikilia kwamba jiografia hufundishwa kwa jicho kabla ya kufundishwa kwa neno, na chombo cha kazi hiyo kilikuwa taa ya picha.

Taa hiyo, ambayo uvumbuzi wake huhusishwa na mwanasayansi Mholanzi Christiaan Huygens mnamo 1659, ilitumia mbinu nyepesi. Picha iliwekwa kwenye kipande cha kioo, kikafunikwa kwa kioo kingine na kuzungushiwa utepe wa karatasi ukingoni. Mwanga mkali ulikipenya, lenzi ikaikuza picha, na mandhari ya nchi ya mbali ikatokea kwenye kitambaa cheupe ndani ya ukumbi wa giza. Wanafunzi wa sanaa waliona kwa njia hiyo michoro ya mashamba na mawingu ya Uholanzi. Wale wa jiografia waliona milima na mito ya Afrika.

Mnamo 1899 Mackinder aliamua kuwa wa kwanza kufika kileleni mwa Mlima Kenya. Mlima wenyewe haukuwa mgeni kwa Wakamba. Ni kwao ambako mmishonari Johann Ludwig Krapf alilisikia jina lake, kabla ya kuuona kutoka Kitui Desemba 3, 1849. Reli kutoka Mombasa ilikuwa ndiyo kwanza imefika Nairobi, ikiupita kando mji wa Machakos uliokuwa makao ya utawala wa Ukamba. Mwaka huo huo makao hayo yalihamishiwa Nairobi.

Ulikuwa pia wakati wa njaa ambayo wazee wa Ukambani waliiita Ngomanisye, iliyoandamana na ugonjwa wa ndui. Katika nchi isiyokuwa na chakula, Mackinder aliongoza msafara wa watu wapatao 170. Wazungu walikuwa sita tu, wakiwemo Campbell Hausburg, aliyekuwa mpigapicha, na wapandamilima César Ollier na Joseph Brocherel. Waliobaki walikuwa wapagazi, 66 kati yao Waswahili na 96 Wakikuyu, pamoja na Wamasai wawili waliokuwa viongozi wa njia.

Chakula ndicho kilichokaribia kuivunja safari hiyo. Waswahili wawili waliotumwa kukitafuta waliuawa. Na katika mojawapo ya kumbukumbu za safari mna orodha ya majina manane ya wapagazi yaliyowekewa alama kwamba walipigwa risasi kwa amri. Wasomi wangali wanabishana kuhusu maana ya maandishi hayo. Katika mhadhara wake kwa Chama cha Kifalme cha Jiografia mjini London, Januari 22, 1900, Mackinder alizungumza kama mshindi wa mlima.

Ushindi wenyewe ulikuwa wa kweli. Septemba 13, 1899, yeye, Ollier na Brocherel walisimama juu ya kilele cha mita 5,199, alichokiita Batian kwa heshima ya laibon wa Wamasai, Mbatian. Ilipita karibu miaka 30 kabla ya mtu mwingine kukifikia. Msafara ulirejea na ramani, mawe, mimea, na picha za kawaida na za rangi.

Umaarufu wake uliongezeka. Aliongoza chuo cha uchumi cha London School of Economics kati ya 1903 na 1908, na mnamo 1904 akatoa nadharia yake kwamba atakayetawala kitovu cha Ulaya na Asia atakuwa na nguvu juu ya dunia. Alikuwa mbunge kuanzia 1910 hadi 1922. Aliitumikia pia kamati ya Wizara ya Makoloni, iliyoundwa 1902, ambayo ilitengeneza vioo vya picha na mihadhara ya kuwafunza watoto wa Uingereza na wa makoloni jinsi ya kuitazama himaya. Taa ya mwalimu ikawa chombo cha serikali.

Alifariki dunia Machi 6, 1947. Kazi yake ya 1899 ina faida ambayo hakuikusudia: watafiti huilinganisha na hali ya sasa ili kupima jinsi barafu ya mlima ilivyopungua, na sehemu kubwa ya barafu aliyoichora imekwisha kutoweka.

Hata hivyo, kioo huonyesha kile tu mpigapicha alichochagua kukielekezea lenzi. Mlima ulipata mwanga wote. Mabonde mawili yakapewa majina ya Mackinder na Hausburg, ilhali hakuna bonde wala kilele kinachowakumbuka wapagazi waliobeba mizigo yao, wakiwemo wale wanane wa orodha ile.